Aliyezikwa Kitabuni

Quitunda, 14 Aprili 2025

Wifi yangu Zuleica,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mama yangu ambaye goti limemrudia kulekule, hadi kuku wachache walionusurika Idi. Sisi wazima. Mvua imeshika mpaka shamba la mihogo tulilopewa sisi tuliokimbia limegeuka bwawa, na nyumba hii ya bloku inavuja palepale ilipovuja mwaka jana. Nimetega beseni, nimezoea mlio wake. Mama ananiuliza kama umeolewa huko Ureno. Nimemwambia umeolewa na vitabu. Akasema, "Mume wa namna hiyo angalau hakoromi."

Mimi ni yuleyule. Asubuhi bado nachemsha sufuria ya maji ya kuoga kabla ya chai, halafu nayafulia nguo, kwa kuwa mwenyewe naoga ya kisimani.

Sasa jambo lenyewe. Juma lililopita nilikuwa napepeta mchele nikaona majirani wanaingia uani na mikeka. Wakatandika, wakakaa, hakuna aliyecheka. Samiha, mke wa Kurwa, akanishika mikono yote miwili. "Pole, dada. Njia yetu sote ni moja." Nikamuuliza pole ya nini. Akanitazama kama anavyotazamwa mgonjwa ambaye hajaambiwa ugonjwa wake. Kumbe redio imetangaza kwamba binti Abdurrazaque, wa kwetu Mocímboa, amepewa prémio, tuzo kubwa ya dunia, kwa kitabu, na ndani ya kitabu ameeleza jinsi kaka yake alivyooshwa, akasaliwa, akazikwa chini ya mkorosho.

Kaka yako ni mume wangu, wifi. Tangu mji ulipochukuliwa na wapiganaji mwaka elfu mbili na ishirini, tukapoteana naye, mimi sijaambiwa habari ya mkorosho.

Sikujua nipokee pole au niwafukuze, basi nikawapikia. Walikula vizuri. Baada ya alasiri akaja Shehe Abdulcarimo, akauliza: "Wifi yako alikuwapo mwenyewe, au aliambiwa na aliyekuwapo? Kama kuna shahidi, basi ukae eda." Nikamjibu nitauliza.

Nakuuliza. Nani alikwambia?

Usinijibu kwa simu. Mtandao hapa unashika kisimani tu, na kisimani hakuna siri. Barua nampa Kurwa, anakwenda Mtwara kufuata vitenge, ataiposti huko. Na hongera kwa hiyo prémio. Wanasema ni kubwa.

Wifi yako,
Saquina

*

Setúbal, 3 Juni 2025

Wifi mpenzi,

Barua yako imezunguka dunia kabla ya kunifikia, bahasha ina alama ya kikombe cha kahawa cha mtu nisiyemjua. Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Mwambie mama atumie mafuta ya nazi yenye karafuu kwa hilo goti, na akubali kukaa japo siku moja.

Huku joto limeanza. Mtaani kwangu wanachoma dagaa wakubwa mlango kwa mlango, moshi unaingia hadi chumbani, nami naamka nikidhani niko kwetu, kisha nasikia Kireno cha jirani anayegombana na mbwa wake. Nafundisha watoto wa wageni asubuhi. Mchana nahojiwa. Nimechoka kuhojiwa. Kila mwandishi wa habari ananiuliza swali lilelile kwa sauti ya chini, kana kwamba tuko hospitali, na kila mmoja anataka nilie kidogo kwa ajili ya picha. Tuzo yenyewe ni mpaka Septemba, huko Ujerumani, kwenye jumba la opera. Wamenishonea gauni. Linanibana kwapani.

Swali lako nimelisoma. Kitabu ni kitabu, wifi, kina njia zake za kusema kweli. Haya si mambo ya barua. Nikija tutakaa tuyazungumze.

Kurwa alinitumia picha yenu ya Idi. Umesema nyumba inavuja, lakini naona jiko lina paa jipya, na limeezekwa na mtu anayejua kazi. Fundi nani?

Nawasalimu wote. Na kaka Tarique, popote alipo, Mungu amlinde.

Zuleica

*

Quitunda, 6 Julai 2025

Wifi,

Salamu. Mama hajambo kiasi, mafuta ya karafuu amepaka, anasema yanamfaa puani kuliko gotini. Muhogo umeoza nusu.

Umeniandikia moshi wa dagaa, gauni na mbwa wa jirani. Swali langu umelipa mstari mmoja. Kitabu kina njia zake za kusema kweli, sawa. Mimi sina njia nyingi. Nina nguo za eda, nina kanga za rangi. Niambie nivae zipi nikiamka.

Hujui hali ilivyo hapa. Tangu siku ya mikeka, watu wamegawanyika. Wengine wananiita mjane, wengine wanasema nimefanya hiana kukataa eda wakati wifi yangu mwenyewe ameshaandika. "Lisemwalo lipo," ananiambia Samiha, "kama halipo laja." Kulikuwa na harusi kwa Twalha. Wake za watu walikwenda kumpaka binti hina, wajane wakakaa upande wao wakisoma. Mimi wakaniweka nyuma ya nyumba nikakuna nazi. Ndiyo nafasi ya mtu asiye na nafasi. Nilikuna nazi nyingi, wifi, na hasira ina faida yake, tui lilikuwa zito.

Lakini haya ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Mwaka jana ilipotimia miaka minne ya kumsubiri mume aliyepotea, shehe alikupigia simu. Baba na mama zenu hawapo, katika damu ya Tarique umebaki wewe, akataka neno lako ili anitangazie. Mimi nilikuwa nimekaa palepale karibu na kisima, nikasikia sauti yako. Ulisema: "Kaka yangu hajafa. Msimsomee khitima mtu mzima." Nikarudi nyumbani. Nikajiambia huyu ni ndugu yake, labda damu inasikia kisichosikika. Nikaweka sufuria yangu ya maji jikoni kama kawaida.

Sasa Kurwa ananiambia kitabu kina mwaka wa pili kiko madukani. Kwa hiyo siku ile unamwambia shehe hajafa, huko kwa Wazungu ulikuwa umeshamzika.

Fundi wa paa ni fundi tu.

Saquina

*

Setúbal, 17 Agosti 2025

Wifi yangu,

Natumaini barua hii itawakuta wazima na mvua imewapa nafasi. Mimi nina kikohozi kisichokwisha, daktari anasema ni uchovu, kana kwamba uchovu ni jina la ugonjwa.

Nimeikataa tuzo.

Nakuandikia kabla hujasikia redioni. Waliniletea ratiba ya siku yenyewe. Nipande jukwaani, nisome ukurasa wa mazishi. Nyuma yangu waonyeshe picha ya Tarique, ile ambamo amevaa kofia ya harusi yenu, kubwa kama ukuta, kisha watu wote wasimame kimya kwa heshima yake. Nikaisoma ratiba jikoni, nimesimama. Nikakaa nikawaandikia mistari miwili: nashukuru, siipokei. Sababu sikuandika.

Sababu wamejiandikia wenyewe. Gazeti moja limegundua kwamba miongoni mwa wafadhili yumo tajiri mwenye hisa za gesi, basi limeandika kwamba nimekataa kwa ajili ya ardhi ya watu wa Palma huko kwenu, iliyochukuliwa kwa gesi. Mengine yakafuata. Nimekuwa shujaa. Barua za pongezi ni nyingi kuliko zile za mwanzo, na kitabu kinauzwa zaidi kuliko kabla sijakataa. Nimejaribu kumwambia mhariri wangu, Edmilson, kwamba si hivyo. Akaniambia, "Acha, Zuleica, ni sababu nzuri." Nikaacha. Sina nguvu ya kubishana na watu wanaonisifu.

Nafikiri jambo hili litakutosha, wifi. Nimekizuia kitabu kisisimame mbele ya watu. Hakuna mtu atakayemsimamia Tarique kimya.

Mungu amlinde popote alipo.

Zuleica

*

Quitunda, 14 Septemba 2025

Wifi yangu,

Habari zako zilitangulia barua yako. Hapa ni furaha tupu. Kwenye mkutano wa kijiji kiongozi alisimama akasema kuna binti amewatupia Wazungu prémio yao usoni kwa ajili ya mashamba yetu, watu wakapiga vigelegele. Rachida, binamu yangu, amejifungua mtoto wa kike wakampa jina lako. Analia mchana kutwa, hataki kushikwa na mtu. Nimesema jina limemkaa.

Mimi sikupiga kigelegele. Nilikuwa naosha vyombo.

Wifi, mimi sikukuomba ukatae kitu. Ungeichukua, ungevaa gauni lako, ningekupongeza, haki ya Mungu. Kitabu umekihangaikia miaka. Nilikuuliza neno moja tu, nani alikwambia, nawe ukaenda ukafanya jambo kubwa ili usinijibu dogo. Wazungu wamepata kaburi, kijiji kimepata shujaa. Mimi bado nakuna nazi.

Uliuliza fundi. Anaitwa Bachir. Anatengeneza mashine za boti, mkewe alifariki kwa uzazi kabla hatujakimbia. Paa alileta mwenyewe, bati zilizobaki kwenye kazi ya mtu, na alipomaliza hakukaa hata kunywa maji. Mara moja tu amesema, na hakunambia mimi, alimwambia mama, tena amekaa chini: "Mama, nikiambiwa ana mume, naondoka na sitarudi. Nikiambiwa hana, nitaleta wazee wangu. Lakini hivi, niko mlangoni, siingii wala sitoki." Mama akamwambia, "Na yeye pia, mwanangu."

Sikukuambia kwa kuwa niliogopa utasema namharakisha Tarique kaburini ili nipishe kitanda. Sema ukitaka. Mimi nilimsubiri kaka yako porini nikiwa na miguu imevimba, nikamsubiri kambini, nikamsubiri hapa. Kila boti ya wakimbizi iliyofika nilikwenda kutazama nyuso. Nimechoka, wifi. Si uchovu wa jembe, ule unalala nao ukaamka mzima. Huu naamka nao. Nikijua amekufa nitalia nimalize. Nikijua yuko hai nitasubiri, hata nikizeeka. Wewe umeninyima vyote viwili, na wewe ndiye ninayekupenda kuliko dada zangu.

Nani alikwambia?

Saquina

*

Setúbal, 5 Oktoba 2025

Saquina, wifi yangu,

Leo sina habari za mtaa.

Hakuna aliyeniambia. Sikuonana na mtu yeyote aliyemwona. Yale majuma watu walikuwa wakitumiana picha za njia ya kutokea Mocímboa, nami nilizitazama moja moja, nikizikuza, nikitafuta shati lake. Sikuliona. Niliona watu wamelala kwenye mchanga bila shuka, bila mtu. Tangu hapo sikulala. Ndipo nikaanza kuandika. Nikawaleta wazee wawili wanaotoka Mucojo kwa miguu, nikawafanya wasimame, wamuoshe, wamsalie, wamweke chini ya mkorosho. Nilipomaliza ukurasa ule nililala hadi mchana.

Sikufikiri kama kuna mtu atautandikia mkeka. Huku wanajua kwamba mtu anatunga. Nilisahau kwamba kwetu ukisema fulani kazikwa, watu huleta mchele.

Na siku shehe aliponipigia, nilikuwa nimetoka kuamka. Alisema, "Toa neno, mwanangu," na mimi sikuweza. Kitabuni alikuwa mtu mwingine mwenye jina jingine. Kwa shehe alikuwa Tarique. Ningesema ndiyo, ningebaki peke yangu katika nyumba ya Abdurrazaque. Niliogopa, nikakuacha wewe ulipie woga wangu. Hata tuzo niliikataa nikitumaini utanihurumia, usiulize tena.

Bachir alete wazee wake wakati wake ukifika. Mwambie paa nimelisifu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya Shehe Abdulcarimo. Nimemwandikia wazi kwamba hakuna shahidi, kwamba mkorosho niliutunga. Lakini muda aliousema umepita, na mimi niliyebaki wa damu yake sina pingamizi. Someni. Msali sala ya ghaibu. Kaa eda yako, wifi, kisha uishi.

Marehemu kaka yangu, Mungu amrehemu. Nimeandika.

Zuleica

*

Quitunda, 16 Novemba 2025

Wifi yangu, shangazi wa wanangu ambao hatukujaliwa,

Nakusalimu kutoka ndani. Niko eda tangu Ijumaa ya pili baada ya barua yako. Mama anafanya kazi zangu na goti lake, anafoka kutwa, na kufoka kumemponya kuliko karafuu.

Karatasi yako shehe aliisoma mwenyewe kwanza, kimya, akavua miwani. Akasema, "Kumbe tulitoa pole kwa hadithi." Kisha akasema, "Haidhuru. Pole haiozi." Walimsalia baada ya Ijumaa, msikiti ulijaa hadi nje, na jioni wakasoma khitima hapa uani. Mikeka ni ileile. Samiha alinishika mikono vilevile, na safari hii sikumuuliza pole ya nini. Nililia, wifi. Sikujua kama mtu anaweza kutunza machozi miaka mitano bila kuharibika. Nililia mpaka wakanishika wasije wakanipoteza na mimi.

Siku ya pili nililala usingizi. Nilikukumbuka.

Bachir ana adabu, hata njia yetu hapiti tena. Anazunguka kwa nyuma ya shule.

Ombi langu ni moja. Watu wa nchi zote wamesoma kaburi la mume wangu, mimi peke yangu sijalisoma, Kireno changu ni cha sokoni. Niandikie ukurasa ule kwa Kiswahili. Najua ni wa kutunga. Niandikie hivyo hivyo. Sina kingine cha kwenda kuzuru.

Saquina

*

Setúbal, 14 Desemba 2025

Wifi,

Salamu kwa mama, na kwa mtoto mwenye jina langu, mwambieni asichoke kulia. Ukurasa huu hapa. Nimeutafsiri kwa siku nyingi kuliko nilivyouandika. Jina la kitabuni nimeliondoa, nimemrudishia lake.

"Wazee walimkuta Tarique jua likiwa bado chini. Mmoja alitaka wapite, kwa kuwa njia haikuwa salama. Mwenzake akasema, 'Huyu ni mtoto wa watu,' akaweka mzigo chini. Walimfunika kwanza. Kisha mmoja akaenda kwenye kisima cha shamba lililoachwa, akarudi na ndoo. Walimuosha kwa utaratibu, upande wa kulia, upande wa kushoto, wakinong'ona, maji yakiingia mchangani. Sanda hawakuwa nayo, mzee akavua kilemba chake, mwenzake akatoa shuka la kulalia. Walisali wawili. Walichimba kwa jembe lisilo na mpini chini ya mkorosho, mahali ambapo ardhi ni laini. Walipomaliza hawakujua waseme jina gani, wakasema, 'Ee Mola, huyu Unamjua.'"

Ni hivyo tu, wifi. Kama kuna kitu kimekuumiza, niambie.

Zuleica

*

Quitunda, 25 Januari 2026

Wifi yangu Zuleica,

Tuko wazima. Mikorosho imemaliza kuzaa. Mama amesikiliza ukurasa wako nikimsomea mara tatu, mara ya tatu akaitikia amina kama yuko makaburini. Wazee wako tumewapenda. Mama anataka kujua ni wa ukoo gani. Nimemwambia wa ukoo wako wewe, umewazaa mwenyewe.

Hukuniumiza. Shuka la kulalia limenitosha, na zile sala za watu wawili. Nimeukunja, nimeuweka ndani ya msahafu. Eda ikiisha nitautoa, maana nitakuwa nyumba nyingine na si vizuri. Utarudi kwako, uutunze wewe.

Kitu kimoja tu, nacho si kosa lako, uliondoka nyumbani mdogo. Tarique hakuvumilia maji baridi ya kisimani. Hata mwezi wa Desemba, watu wanatoka jasho, yeye alisimama mlango wa bafu amejikunyata kama kifaranga akiniuliza, "Saquina, yamepata moto?" Miaka yote hiyo sufuria ilikuwa ya kwake. Sasa nimeiosha, nimeifunika juu ya kichanja.

Kwa hiyo kitabu kikichapwa tena, wifi, wale wazee wawashe moto kwanza. Najua njia haikuwa salama. Wakoke moto mdogo tu, wayapashe, ndipo wamuoshe.

Saquina